Picha Zipo, Kazi Imeenda Wapi?

Leo tunaacha mambo ya simu kidogo, tunaingia studio. Nakuru hapa ina wapiga picha wengi sana: wa harusi, wa ruracio, wa mahafali ya Egerton na Kabarak, wa ndege kule ziwani. Na tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, wapo pia wanaokula vumbi la Naivasha wakisubiri magari yapite. Wengi wao siku hizi hawapigi JPEG tu, wanapiga picha ghafi, zile zinazoitwa RAW. Na malalamiko ninayoyasikia kwao ni yale yale kila mara: "Niliediti usiku kucha. Asubuhi nafungua, picha zipo lakini kazi haipo."

Ukimpelekea fundi wa kompyuta swali hilo, jibu lake ni fupi: "Hukusevu."

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na kompyuta ndiyo niliyosomea chuoni. Ninasema hivi: jibu hilo mara nyingi si kweli. Mara nyingi kazi ilihifadhiwa vizuri kabisa, ila ilihifadhiwa mahali ambapo mwenye kazi hakuambiwa. Na kama mtu amefanya kazi wiki nzima na hajui kazi hiyo iko wapi kwenye kompyuta yake, lawama si yake. Ni ya waliobuni programu.

Leo nitaeleza kazi hiyo hukaa wapi, jinsi ya kuitafuta ikiadimika, na kwa nini naona kila programu ya picha ghafi ingepaswa kuiweka kazi kando ya picha yenyewe bila kungoja kuombwa.

Kwanza, picha ghafi haiguswi

Picha ya JPEG ni ugali ulioshasongwa. Kamera yenyewe imeamua mwangaza, rangi na ukali, ikapakua, ikakupa sahani. Picha ghafi ni unga. Ni vipimo vya mwanga jinsi kihisi cha kamera kilivyovipokea, na wewe ndiye mpishi.

Sasa, unapofungua picha ghafi kwenye Lightroom au darktable au RawTherapee, ukavuta mwangaza juu, ukapunguza vivuli, ukanyoosha ukingo wa ziwa uliokuwa umepinda, ile faili ya kamera haibadiliki. Programu inaandika maagizo tu: ongeza mwangaza kiasi hiki, punguza bluu kiasi hiki, kata pembeni hapa na hapa. Kila ukifungua picha, programu inasoma unga, inasoma maagizo, inapika upya mbele ya macho yako.

Huu ni ubunifu mzuri sana. Unaweza kurudi nyuma baada ya miaka mitano ukapika vingine. Lakini maana yake ni kwamba kazi yako yote, zile saa zote za usiku, si picha. Ni maagizo. Picha ghafi moja inaweza kuwa megabaiti 25 au 30. Maagizo yake kwa kawaida ni kilobaiti chache au makumi ya kilobaiti. Swali la maana basi ni moja: maagizo hayo yameandikwa wapi?

Sehemu tatu

*Katalogi.* Hii ndiyo njia ya Lightroom Classic. Maagizo ya picha zote yanaingia kwenye faili moja kubwa yenye mwisho wa .lrcat. Ndani yake ni hifadhidata ya SQLite, ile aliyoianzisha D. Richard Hipp mwaka 2000 na ambayo leo imo hata ndani ya simu yako ya Android. Ni kama daftari la mwenye duka. Bidhaa ziko kwenye rafu, hesabu iko kwenye daftari. Usipobadilisha chochote, kwenye Windows daftari hilo hukaa ndani ya folda ya Pictures ya diski C, hata kama picha zenyewe ziko kwenye diski ya nje.

*Faili ya pembeni.* Hapa kila picha inapewa faili ndogo ya maagizo inayokaa naye folda moja. Ni kama kile kikaratasi chenye jina la mwenyewe unachotia kwenye debe la mahindi pale posho mill: debe likienda kokote, jina liko nalo. Muundo unaojulikana zaidi ni XMP, ambao Adobe waliutoa mwaka 2001 na ukaja kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2012. Kwenye darktable, picha DSC_0412.NEF inapata jirani anayeitwa DSC_0412.NEF.xmp. RawTherapee inatumia mwisho wa .pp3. NX Studio ya Nikon inaweka maagizo kwenye folda ndogo inayoitwa NKSC_PARAM, ndani ya folda ya picha.

*Ndani ya picha yenyewe.* Faili za DNG, muundo ambao Adobe waliutoa mwaka 2004, zinaweza kubeba maagizo tumboni. Na Digital Photo Professional ya Canon inaandika maagizo ndani ya faili ya RAW yenyewe, lakini pale tu unapoiambia ihifadhi. Hiyo ndiyo programu ambayo fundi akikwambia "hukusevu" anaweza kuwa na haki.

Ziko pia zinazofanya mawili kwa pamoja. darktable ina hifadhidata yake na vilevile inaandika faili za pembeni, isipokuwa umeizima njia hiyo kwenye mipangilio. Lightroom Classic nayo inaweza kuandika XMP, lakini kisanduku cha kuiambia iandike yenyewe huwa hakijawekwa alama. Lazima wewe ujue kuwa kipo. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia, lakini ngoja kwanza tuitafute kazi iliyopotea.

Ukifungua na kazi haipo, fanya hivi

Kabla ya yote: usianze kuediti upya, na usifute kitu chochote. Kisha pitia maswali haya kwa utaratibu.

1. *Unaitazama picha kwa kutumia programu gani?* Karibu kila faili ya RAW ina JPEG ndogo ndani yake iliyopikwa na kamera. Ukibofya picha kwenye folda ya Windows, hiyo ndiyo unayoonyeshwa. Haijui lolote kuhusu maagizo yako. Ifungue kwenye programu uliyoediti nayo. Watu wengi wanapona hapa hapa, maana hakuna kilichopotea! Wakitaka mteja aione kazi, ni lazima watoe nakala ya JPEG au TIFF kutoka kwenye programu.

2. *Umefungua katalogi ile ile?* Lightroom inaweza kuwa na madaftari mengi. Tafuta kwenye diski zote faili zenye mwisho wa .lrcat, zipange kwa tarehe, fungua ile iliyoguswa mara ya mwisho siku ulipofanya kazi. Angalia pia folda ya Backups. Ukikuta nakala ya zamani ndani ya zip, ifungue mahali pengine, usiiweke juu ya ile ya sasa. Na kumbuka, nakala hizo ni za daftari tu. Hazina picha.

3. *Folda ilihamishwa?* Ukihamisha folda nje ya programu, Lightroom inaweka alama ya kuuliza kwenye folda na alama ya mshangao kwenye picha. Usiingize picha upya kama vile ni mpya, kwa sababu zitaingia bila kazi yoyote na sasa utakuwa na mbili mbili. Bofya ile alama, uionyeshe programu picha zilikohamia. Kwa wale wa NX Studio: ukinakili picha ukaacha folda ya NKSC_PARAM nyuma, umeacha kazi yako nyuma.

4. *Diski inakubali kuandikwa?* Kadi ya SD ina kile kiswichi kidogo pembeni. Kikishuka, kadi inasomeka lakini haiandikiki. Diski ikijaa ni vivyo hivyo. Na kwa wenye Windows na Linux kwenye laptop moja: ile njia ya Windows ya kuwaka haraka haizimi diski kabisa, inailaza tu. Linux ikiikuta hivyo kwa kawaida inaifungua kwa kusoma tu, na darktable haiwezi kuandika faili zake za pembeni. Zima njia hiyo, kisha zima Windows kikamilifu.

5. *Umeme ulizimika?* Hili linataka maelezo kidogo.

Hifadhidata ya SQLite haiandiki ovyo. Kabla mabadiliko hayajatulia kwenye faili kubwa, yanapitia faili ndogo ya kando, yenye jina kama la katalogi na mwisho wa -journal au -wal. Umeme ukikatika katikati, hiyo faili ndogo ndiyo inayookoa: programu ikiwaka tena inaisoma na kurudisha daftari kwenye hali inayoeleweka. Wapo wanaoiona, wanadhani ni takataka, wanaifuta. Usiifute! Ndani yake huenda mna kazi ya saa ya mwisho. Faili yenye mwisho wa .lock ni kitu kingine. Hiyo ni kufuli tu. Kama Lightroom imefungwa kabisa na bado inakataa kufungua katalogi, kufuli inaweza kuondolewa.

Nchi yetu inajua jambo la kuzimika. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alianguka kwenye transfoma pale Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. (Tumbili alipona, msiwe na wasiwasi.) Ijumaa usiku tarehe 25 Agosti 2023 giza likarudi karibu nchi nzima, na sehemu nyingine likakaa saa nyingi. Programu ya picha ikitumika hapa ni lazima ichukulie kwamba umeme utakatika, na kwa upande huu hifadhidata zenyewe ziko imara kuliko watu wanavyodhani. Katika kazi zilizopotea ambazo nimeletewa, umeme ndio unaosingiziwa zaidi, na ndio ninaoukuta na hatia mara chache.

Mwizi mwenyewe

Mwizi ninayemkuta mara nyingi ni huyu. Laptop imekuwa nzito. Mwenyewe anaipeleka kwa fundi apige Windows upya. Anamwambia, "Picha zangu ziko diski D, usiziguse." Fundi ni mwaminifu, haigusi D. Anafuta C, anaweka Windows mpya, anaweka programu, anarudisha laptop ikiwa nyepesi kama unyoya. Picha zote zipo. Daftari lilikuwa C.

Dada mmoja anayepiga harusi upande wa Njoro alinijia na hali hiyo hiyo. Picha zaidi ya elfu mbili za harusi moja, wiki tatu za kazi. Alikuwa amewatumia maharusi picha chache kwa WhatsApp, wakazipenda, wakaagiza albamu kubwa ya kuchapisha. Salio la malipo lilikuwa linangoja albamu.

"Bosi, picha si hizi hapa?" akaniambia huku akifungua folda. "Mbona zimerudi kuwa kama zilivyotoka kwa kamera?"

Tulitafuta .lrcat kwenye D, kwenye flashi, kwenye diski ya nje. Hakuna. Faili za XMP pia hakuna, kwa sababu kile kisanduku hakikuwahi kuwekwa alama. Tulijaribu programu ya kufufua faili zilizofutwa, lakini Windows mpya ilikuwa imeshalala juu ya ya zamani. Mwishowe alifanya kazi upya, akizitazama zile JPEG ndogo za WhatsApp ili rangi za gauni zifanane na walichokipenda wateja.

Sasa piga hesabu. Kama programu ingekuwa inaandika faili za pembeni tangu siku ya kwanza, picha elfu mbili zingekuwa na faili ndogo elfu mbili pale pale D, zote pamoja pengine zisifike ukubwa wa picha mbili au tatu ghafi. Angefungua katalogi mpya, akaingiza folda, na kazi yote ingerudi kabla chai haijapoa. Wiki tatu za mtu zilipotea kwa sababu ya kisanduku kimoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: daftari likikaa mbali na mali, mwenye mali hajui ni lipi la kulinda kwanza.

Upande wa pili unasemaje

Sitaki kuwaonea waliobuni katalogi. Wana hoja, na baadhi ni nzuri.

Wanasema hifadhidata moja ni ya haraka. Kweli. Ukitaka kutafuta picha zote za nyota tano za mwaka jana kati ya elfu hamsini, hutaki programu isome faili elfu hamsini. Lakini hakuna anayesema katalogi ifutwe. Iwepo, ifanye kazi ya kutafuta, na faili za pembeni ziandikwe vilevile. darktable inafanya hivyo.

Wanasema kuandika faili ndogo kila mara kunachelewesha mashine. Kwenye diski za zamani za kuzunguka kunaweza kusumbua ukiediti picha mia tano kwa mpigo. Sawa. Basi programu ingoje ukitulia, iandike kimya kimya, au iandike unapofunga. Hilo si tatizo gumu kwa wahandisi walioweza kufundisha kompyuta kutambua mbingu na uso wa mtu.

Wanasema faili nyingi ndogo zinawachanganya watu, wanazifuta. Inatokea. Lakini mtu akifuta faili ya pembeni moja amepoteza kazi ya picha moja. Akipoteza katalogi amepoteza miaka.

Wanasema XMP haibebi kila kitu. Hii ni kweli na lazima uijue. Kwa Lightroom, nakala pepe za picha, mikusanyo yako, na ile orodha ya hatua ulizopitia hukaa kwenye katalogi peke yake. Kwa hiyo faili ya pembeni haikuondolei haja ya kunakili katalogi. Vilevile usitegemee kuhamia programu nyingine na kukuta kazi yote iko sawa. Nyota na maelezo vinasomeka, lakini jinsi darktable inavyopika na jinsi Lightroom inavyopika ni tofauti.

Hata hivyo, maagizo yaliyo wazi, yanayosomeka hata kwa programu ya kawaida ya maandishi, yana heri kuliko yaliyofungiwa. Waulize waliokuwa wanatumia Aperture ya Apple. Ilitoka mwaka 2005, watu wakaipenda. Mwaka 2014 Apple wakatangaza kwamba wanaiacha, na mifumo yao iliyofuata baada ya Mojave ya mwaka 2018 haiwezi kuiwasha kabisa. Picha ghafi za watu hao zipo. Waliohamia Lightroom walibeba majina na maelezo, lakini maagizo ya rangi na mwanga hayakuhama. Hata kampuni kubwa huchoka na programu yake.

Na Lightroom Classic ni ya kulipia kila mwezi. Kwa haki lazima niseme kwamba ukiacha kulipa bado unaweza kufungua katalogi na kutoa nakala za picha zako, ila sehemu ya kuhariri inafungwa. Mtu anayelipa kwa kipato cha harusi za Desemba anapaswa kulifikiria hilo mnamo Julai.

Si urembo tu

Kuna atakayesema, "Ni rangi tu hizo, ataediti tena." Hapana. Kwenye maagizo hayo hamna rangi peke yake. Kuna maelezo ya picha: ni wapi, ni lini, ni nani, kinachoonekana ni nini.

Tazama Ziwa Nakuru. Maji yalianza kupanda karibu mwaka 2010 na miaka iliyofuata, hadi lango kuu la zamani la hifadhi likamezwa na ziwa. Maji yalipozidi, chumvi ikapungua nguvu, chakula cha heroe kikapungua, na makundi makubwa yakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Mti uliosimama majini ukiwa mkavu, kwenye picha, ni mti tu. Ukiandikiwa "hapa palikuwa ufuoni, mwaka fulani, ukitazama upande wa Menengai", unakuwa ushahidi. Wapiga picha wa mji huu wana miaka kumi na zaidi ya ushahidi wa namna hiyo kwenye diski zao. Mengi ya maelezo hayo yako kwenye daftari moja, diski C, kwenye laptop inayosubiri kupigwa Windows upya.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Harusi inaweza kuedítiwa tena kwa machozi. Jina la mahali ambapo sasa pako chini ya maji, aliyeliandika akilisahau, hakuna programu ya kulifufua.

Ninachowadai waandishi wa programu

Ni mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji akili bandia.

Moja, faili za pembeni ziandikwe bila kuombwa. Asiyezitaka ndiye aende kwenye mipangilio kuzizima.

Mbili, programu iseme kazi iko wapi. Mstari mmoja chini ya dirisha: kazi ya picha hii imehifadhiwa folda fulani, saa fulani. Mtu wa kawaida akiona mstari huo kila siku, siku atakayoenda kwa fundi atajua cha kutaja.

Tatu, programu ikishindwa kuandika, ipige kelele hapo hapo. Ujumbe wa kushindwa kuandika usifichwe kwenye kona au kwenye faili ya kumbukumbu ambayo hakuna anayeifungua.

Na wewe mpiga picha, jioni ya leo

Usiwangoje. Kama unatumia Lightroom Classic, fungua mipangilio ya katalogi, nenda sehemu ya metadata, weka alama kwenye kisanduku kinachosema mabadiliko yaandikwe yenyewe kwenye XMP. Kwa picha za zamani, zichague zote ukiwa kwenye maktaba, bonyeza Ctrl na S, uiache mashine ifanye kazi. Kama ni darktable, hakikisha uandishi wa faili za pembeni haujazimwa. Kama ni RawTherapee, angalia kwenye mapendeleo kwamba maagizo yanahifadhiwa kando ya picha na si kwenye kache peke yake.

Kisha hamisha katalogi. Ifunge programu kwanza, halafu nakili folda yote ya katalogi hadi kwenye diski ya nje, pamoja na faili ya .lrcat-data ambayo Lightroom Classic inaitumia tangu mwaka 2021. Usinakili katalogi programu ikiwa wazi, utabeba nusu ya daftari.

Usiediti moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya SD. Usichomoe diski kabla kompyuta haijakuruhusu, kwa sababu faili ndogo za mwisho huenda bado ziko njiani.

Na ukienda kwa fundi kupiga Windows upya, usimwambie tu "usiguse D". Mwandikie kwenye karatasi folda ya katalogi iko wapi, umwombe akuonyeshe nakala yake kwenye diski yako ya nje kabla hajafuta chochote. Fundi mzuri hatakasirika.

Mwisho, jaribu. Chukua folda moja ya picha kumi, iweke kwenye kompyuta ya rafiki yenye programu kama yako, iingize. Kazi yako ikionekana, umejua iko wapi. Isipoonekana, umejua leo, kabla ya mteja kupiga simu.